Mtihani Uliochapwa Kabla Haujatumwa

Sura ya Kumi na Moja

Inspekta Tabitha Nyangi hakwenda Nyamwaga siku ile kutafuta ukweli. Ukweli alidhani anao tayari, umelala kwenye jalada kabatini mwake kwa miezi saba. Alikwenda kuchukua kompyuta. Wakili wa serikali alikuwa amempigia simu kulalamika kwamba picha ya skrini haitoshi. Mahakama ingetaka mashine yenyewe, pamoja na kiapo cha mwenye nayo kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Zilibaki siku nne kesi ya Oduol ianze kusikilizwa, na mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, hukumu yake ni moja tu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kueleza. Bibi Waisiko, mjane asiye na mtoto wa kiume, aliungua ndani ya nyumba yake siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka senta ya Nyamwaga. Mlango ulikutwa umefungwa kwa nje kwa waya. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametoa ng'ombe kumwoa Teresia, msichana wa Machochwe, kwa utaratibu wa nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wawe wa mji wake na shamba liwe lao.

Watu wawili hawakuifurahia ndoa hiyo. Mmoja alikuwa Daudi, mtoto wa shemeji yake marehemu, ambaye alikuwa amekaa miaka mingi akilihesabu shamba lile kuwa lake. Mwingine alikuwa Oduol, jirani Mjaluo, aliyekuwa akilima kipande cha bibi kwa miaka kumi na sasa ameambiwa ampishe bibi harusi. Daudi alinyamaza. Oduol alisema maneno makali kwenye mkutano wa kijiji, yakaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ukampendeza sana Tabitha alipousoma.

Wote wawili walidai kwamba saa tano ile walikuwa kwenye steshenari ya Sarah, pale senta. Daudi alileta karatasi yake mwenyewe, barua ya kuomba kazi mgodini, na chini yake kompyuta ilikuwa imechapa tarehe na saa: 11:02, yaani saa tano na dakika mbili. Tabitha alikwenda dukani kuihakiki, akakuta mashine inakubaliana na karatasi hadi dakika. Papo hapo akatafuta na faili la Oduol, fomu ya bintiye Akello ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Lilikuwa limeskaniwa saa 08:05. Saa mbili na dakika tano! Oduol alikuwa amedanganya kwa saa tatu nzima, na saa tatu zinamtosha mtu kurudi nyumbani, kuzungusha waya mlangoni na kuwasha moto. Daudi akaenda zake. Oduol akaingia mahabusu.

Kuna jambo la pili ambalo Tabitha hakupenda kulikumbuka. Yeye naye ni mzaliwa wa Machochwe, na mama wa Teresia alimlilia mikononi siku ya msiba. Tabitha alimwahidi kwamba mtu atakamatwa kabla ya Jumapili. Alikamatwa Jumamosi.

Tabitha alipoingia, Sarah alikuwa nyuma ya meza yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwanakwaya, mcheshi kwa wateja na mwoga kwa polisi. Alimwamkia shikamoo, akafuta kiti kwa kanga. Tabitha hakuketi, kwa sababu macho yake yalikuwa yameganda kwenye skrini.

Kompyuta ile aliijua. Ilikuwa ya mezani, nzee, yenye kibodi ambayo herufi zake zilizofutika ziliandikwa upya kwa kalamu ya rangi. Lakini kilichokuwa kwenye skrini hakikuwa kompyuta. Ilikuwa simu. Simu kubwa kama dirisha, yenye vialama vyake vya rangi vilivyopangwa mistari, na katikati yake kundi la WhatsApp la kwaya wakibishana kuhusu sare za Pasaka. Sarah alikuwa akiyasukuma maneno juu na chini kwa kipanya.

Tabitha alimwuliza kimetokea nini. Sarah akaeleza kwa haraka ya mtu anayedhani amekosa. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na kazi zake zote huja kwa WhatsApp: walimu wanatuma mitihani, wachumba wanatuma kadi, wafiwa wanatuma ratiba. Akaenda Sirari kwa fundi mmoja anaitwa Ochieng. Fundi akamwambia simu mpya ya nini, wakati mfumo wa simu, hii Android yenyewe, unaweza kukaa kwenye flashi na kuwaka kwenye kompyuta yoyote. Ukichomeka flashi ukawasha, unapata simu. Ukiichomoa ukawasha upya, unapata kompyuta yako ya siku zote. Sarah alianza kuitumia hivyo na hajanunua simu mpaka leo.

Jina la Ochieng lilimgusa Tabitha, na si kwa uzuri. Fundi Mjaluo, mshitakiwa Mjaluo, na kielelezo cha ushahidi kimechezewa siku nne kabla ya kesi. Alijiona amefika kwa wakati. Alianza kumbana Sarah kwa sauti ile ya chini inayotisha kuliko kelele: nani alimtuma kwa Ochieng, Gladys mke wa Oduol alikuja hapa mara ngapi, na flashi hii iliingizwa lini kwenye mashine ya serikali.

Sarah alijibu kwamba mashine ni yake, hajawahi kuambiwa ni ya serikali, na flashi anayo tangu kabla bibi Waisiko hajaungua. Akapandisha mazungumzo ya kwaya hadi juu kabisa. Ya kwanza yalikuwa ya mwezi mmoja na siku sita kabla ya moto. Tabitha aliyasoma mwenyewe, tarehe baada ya tarehe, akaona njama aliyoijenga kwa dakika tano imebomoka. Alipaswa kufurahi. Aliona aibu kidogo, akaificha kwa kumwamuru Sarah azime simu yake hiyo na kumwashia kompyuta.

Sarah akazima, akachomoa flashi, akawasha. Mashine ikakoroma, ikachukua muda wake. Skrini ilipotulia, Sarah, bila kusita na bila kufikiri, akatazama saa ya ukutani, akapeleka kipanya kwenye kona ya chini ya skrini na kuanza kubadilisha tarakimu.

"Unafanya nini?"

"Naiweka saa, afande."

"Toa mkono."

Sarah akautoa kama aliyeguswa na moto. Tabitha akainama. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Saa yake ya mkononi ilisema hivyohivyo. Kwenye kona ya skrini palikuwa na 07:15.

Tabitha hakuwa mtaalamu wa kompyuta, ila hesabu ya kutoa alifundishwa na marehemu baba yake kwa kuhesabu ndama, na hesabu hii haikuhitaji karatasi. Ilikuwa moja asubuhi kwenye skrini na nne asubuhi ukutani. Tofauti ilikuwa saa tatu, dakika kwa dakika.

Alimwuliza Sarah kama hali hii huwa inatokea. Sarah akasema hutokea kila akitoka kwenye simu kuja kwenye kompyuta, ndiyo maana amezoea kuirekebisha. Alifikiri ni betri ya ndani imekufa. Siku nyingine wateja wakiwa wengi huiacha hivyohivyo hadi kesho, kwa kuwa yeye saa yake ni ya ukutani, hiyo ya kompyuta hana kazi nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

Sarah aliangalia mikono yake. "Nilikuambia, afande. Siku ile ulipokuja, nilisema hiyo saa huwa inacheza. Ukaniambia nijibu nilichoulizwa."

Tabitha alikumbuka. Si kwamba alijilazimisha kukumbuka. Lilikuja lenyewe, na sauti yake mwenyewe ndani yake. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwafundisha askari wapya kwamba shahidi asiachiwe kutangatanga, na kwamba mpelelezi hamwambii shahidi anachokitafuta. Alikuwa akijivunia kanuni hizo. Kwa kanuni hizo hizo, Sarah alikaa miezi saba bila kujua kwamba mtu yuko ndani kwa sababu ya kona ya skrini yake.

Alimpigia Ochieng simu kwa spika, Sarah akiwa shahidi. Fundi alijibu kwa Kiswahili cha mpakani, akasikika anatafuna kitu.

"Hiyo ni kitu ya kawaida, madam. Hizo mifumo mbili zinagombania saa moja iko ndani ya mashine. Ile ya kompyuta inasoma hiyo saa vile iko. Ile ya simu inaihesabu kuwa saa ya Greenwich, halafu inaongeza tatu yetu. Sasa simu ikishika mtandao, inajua saa ya ukweli, inarudisha ile ya ndani nyuma masaa tatu ndio hesabu yake ikae sawa. Ukirudi kwa kompyuta, unapata iko nyuma."

"Kila mara?"

"Kila mara simu ikishika mtandao. Hiyo haikosi."

Tabitha alimtaka arudie, akaandika neno kwa neno. Kisha akafanya majaribio matatu. Kila mara Sarah aliiweka saa sawa, akazima, akachomeka flashi, akawasha bando, akasubiri ujumbe uingie, akazima, akachomoa, akawasha. Mara zote tatu kona ya skrini ilirudi nyuma saa tatu kamili. Wateja wawili walifika wakafukuzwa kwa upole. Tabitha alijaza fomu ya majaribio, wakatia sahihi.

Lakini majaribio ya leo hayasemi lolote kuhusu Alhamisi ya miezi saba iliyopita, na wakili yeyote angeuliza hivyo. Kama Sarah siku ile hakuwasha simu yake, au kama aliiweka saa sawa, basi Oduol bado alikuwa mwongo. Tabitha alijikuta, kwa sekunde chache, akitamani iwe hivyo. Alijichukia kwa tamaa hiyo, lakini ilikuwepo.

Alifungua folda ya kazi za siku ile. Mafaili kumi na tisa. La Oduol lilikuwa la tatu: 08:05. La Daudi lilikuwa la kumi na moja: 11:02. Juu ya la Oduol palikuwa na mengine mawili. La kwanza kabisa lilikuwa mtihani wa hisabati wa darasa la sita, na lilihifadhiwa saa 05:06, yaani saa kumi na moja na dakika sita alfajiri.

Sarah alisema hajawahi kufungua duka kabla ya saa mbili. Ana mtoto wa kupeleka shule. Tabitha akamwambia achomeke flashi amtafute mwalimu aliyetuma mtihani ule. Walipata ujumbe wake wa Alhamisi ileile: "Dada Sarah naomba nakala arobaini mapema," na chini yake mtihani wenyewe. Simu ile ya kwenye flashi, iliyokuwa imeshika mtandao na kujua saa ya kweli, ilionyesha ulitumwa saa 07:58.

Basi mtihani ulichapwa saa tatu kasoro kidogo kabla haujatumwa. Hakuna mwalimu wala mashine inayoweza hilo. Mwalimu aliutuma saa mbili kasoro dakika mbili, Sarah akaukuta kwenye simu alipofungua duka, akahamia kwenye kompyuta, saa ikarudi nyuma, akauchapa saa mbili na dakika sita, na siku hiyo yote hakuigusa kona ya skrini. Ongeza tatu kwenye kila mstari. Oduol alikuwa amesimama mbele ya meza hii saa tano na dakika tano, wakati moto unawaka mwendo wa saa moja kutoka hapa. Alisema hivyo mara ya kwanza alipoulizwa, na mara ya pili, na mara ya sita alipokuwa amechoka, na hakubadilisha hata dakika.

Naye Daudi hakufika hapa saa tano. Alifika saa nane.

"Daudi siku ile alikuja kabla au baada ya habari za moto?"

Sarah akashangaa swali lenyewe. Baada, akasema. Habari zilikuwa zimekwisha kufika senta, watu wamekimbilia huko. Yeye alimpa pole ya mama yake mkubwa, Daudi akapokea.

"Akaniambia nimchapie barua. Akaona saa pale kwenye kona, akauliza mbona hii ni saa tano. Nikamcheka, nikamwambia hiyo leo ni ya uongo. Akasema iweke hivyohivyo chini ya barua, mgodini wanataka karatasi yenye saa. Nikaweka. Watu wanaleta masharti mengi, afande, mimi siulizi."

Tabitha hakumkemea. Alitoa simu yake, akatafuta picha aliyoipiga siku ile, ile iliyo kwenye jalada. Kwenye jalada ilionekana mistari miwili tu, wa Oduol na wa Daudi, imezungushiwa wino mwekundu. Lakini picha ya asili, kabla hajaikata pembeni ili ipendeze, bado ilikuwa kwenye simu. Ilikuwa na mistari yote kumi na tisa. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa juu, unasomeka vizuri, 05:06, miezi saba yote, mfukoni mwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeukata.

Aliandika maelezo ya Sarah upya, safari hii akimwacha aseme yote, mpaka habari za sare za kwaya. Akatia mashine na flashi kwenye boksi, akaweka lakiri. Koplo Emanueli, dereva wake, aliuliza waelekee kituoni, naye Tabitha akamjibu asubiri, ana simu za kupiga kwanza. Alimpigia wakili wa serikali, akamweleza bila kujitetea, na wakili akasema ataiondoa kesi Jumatatu. Kisha akapiga Sirari kuulizia Daudi. Askari wa mpakani akamjibu kwamba yule alishavuka miezi mitatu iliyopita, aliaga kabisa, alisema anakwenda kwa rafiki zake upande wa Kenya. Tabitha akaagiza taarifa zitumwe ng'ambo. Alijua zitachukua muda, na kwamba huo muda yeye ndiye aliyempa Daudi.

Kisha akamwambia Emanueli aelekee gerezani.

Hapa lazima lisemwe lile ambalo Tabitha alikuwa akilizunguka siku nzima. Mwezi wa nne wa Oduol mahabusu, mama yake mzazi alifariki. Mama huyo, Bibi Aloo, alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Gladys alikuja kituoni mara mbili, akapiga magoti mara ya pili, akiomba mumewe aruhusiwe kwenda na pingu, na askari hata kumi, amtupie mama yake udongo kisha arudishwe. Ofisi ya wakili iliuliza maoni ya mpelelezi. Mpelelezi aliandika mstari mmoja: ana ndugu wengi ng'ambo ya mpaka, anaweza kutoroka. Ombi likakataliwa. Na mpelelezi, kwa kuwa ndivyo kazi inavyofanywa, alikwenda mazishini yeye mwenyewe akiwa amevaa kiraia, akakaa nyuma na daftari ili kuona nani anakuja na nani anasema nini.

Oduol aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amekonda, nywele zimeanza mvi pembeni. Alisalimia kwa adabu. Tabitha alikuwa ameandaa maneno njiani, ila yalipotoka yalikuwa machache. Alimwambia kwamba saa ya kompyuta ilikuwa mbovu siku ile, kwamba alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba Jumatatu atatoka.

"Nimekosea," alisema. "Si kompyuta. Ni mimi."

Oduol hakushangilia, hakutukana. Tabitha angependelea atukane.

"Mama walimlaza upande gani wa nyumba?" aliuliza mwishowe.

"Kushoto."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Gladys, Oduol alisema, kila akija hulia tu, hawezi kumweleza. Akello anasema alifunga macho. Miezi mitatu amekuwa akijaribu kuyaona mazishi yale na hayaoni. Akauliza kama afande aliandika, maana alisikia polisi huandika kila kitu.

Tabitha alilitoa daftari mkobani. Lilikuwa lilelile, la jalada jeusi. Oduol akamwomba asome, na asiruke chochote, naye akaahidi kwamba atasoma yote.

Akasoma. Nani walifika kutoka Migori na kwa magari mangapi. Mchungaji alihubiri muda gani. Mzee mmoja mwenye fimbo alimsifu marehemu kwa uji wake, watu wakacheka, na Oduol naye akacheka kidogo, akasema huyo ni mjomba wake. Wimbo wa kwanza, wimbo wa pili. Mvua ilitishia ikaacha.

"Jeneza limeteremshwa saa nane na dakika ishirini."

"Kwa saa gani?"

Tabitha akageuza mkono, akamwonyesha ile ya mkononi. Oduol akaiinamia, akaisoma, akaitikia kwa kichwa. Akamwambia aendelee.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na mistari miwili tu, kwa mwandiko wake mwenyewe uliosimama vizuri. Udongo wa kwanza ametupa mjukuu, Akello. Mtoto wa kiume hayupo.

Tabitha aliusoma wa kwanza. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameahidi kusoma yote, akausoma na wa pili.